Nakala Zinarudi Pate: Simulizi ya Safari ya Visiwani

Jumamosi, Lamu

Basi la kutoka Mombasa limetushusha Mokowe alasiri, na tumevuka kwa boti hadi Lamu kabla ya adhana ya magharibi. Tuko wawili: mimi na mwenzangu, mwanafunzi wa shahada ya uzamili, mzaliwa wa Faza ambaye hii kwake ni safari ya nyumbani. Mizigo ni michache. Kinasa sauti, betri za akiba, leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi ya Kenya), madaftari, na bunda la karatasi tulilolifunga kwa plastiki nzito lisiguswe na maji ya chumvi.

Bunda hilo ndilo lililotutoa nyumbani. Ndani yake mna nakala za miswada ya tendi, yaani mashairi marefu ya Kiswahili, iliyotungwa au kunakiliwa katika visiwa hivi, ambayo karatasi zake za asili leo ziko London, Hamburg na Dar es Salaam. Tumezichapa kwa ukubwa wa kuridhisha, herufi za Kiarabu zionekane vizuri hata kwa macho ya mzee wa miaka themanini.

Niseme mapema ninachokiamini. Fasihi hii ilizaliwa visiwani, katika miji ambayo leo ni vijiji. Lakini kwa zaidi ya karne moja imesomwa zaidi na watu walio mbali nayo. Waliokuja kuikusanya walifanya kazi ya maana, na bila wao miswada mingi ingeliwa na mchwa. Ila karatasi zilipoondoka, sauti zilibaki. Anayesoma karatasi peke yake ana nusu ya utendi, na nusu ya pili iko Pate, Siyu na Faza, miji mitatu ya kisiwa cha Pate, kwa watu ambao hawajawahi kuonyeshwa hizo karatasi. Tunataka nusu hizi mbili zikutane, na zikutane huku.

Jumapili, Lamu

Asubuhi tumekwenda kuripoti kwa wahusika wa serikali na wa makumbusho. Hayo yamekwisha upesi. Mchana wote tumeutumia kwa maalim mmoja anayekaa karibu na Msikiti wa Riyadha, ule ulioasisiwa na Habib Swaleh na ambao mpaka leo huwavuta wageni wa Maulidi kutoka pande zote za mwambao.

Riyadha wana mkusanyo wao wa miswada, na picha zake za kidijitali zilipigwa humu humu Lamu chini ya mradi ulioongozwa na mwanahistoria Anne Bang, kwa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa hifadhi zilizo hatarini. Karatasi hazikusafiri. Kilichosafiri ni picha. Maalim anaona huo ndio mwendo wa haki, nami nakubaliana naye.

Tulipomfungulia bunda, wa kwanza aliyemzungumzia alikuwa Muhamadi Kijuma, mwana wa Lamu aliyefariki mwaka 1945. Kijuma alikuwa mshairi, mchongaji wa milango, mpigaji ala na mwandishi mwenye mkono usio na mfano. Ndiye aliyewanakilia tendi wakusanyaji wa Ulaya, Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, na sehemu kubwa ya miswada ya Kiswahili iliyoko London na Ujerumani imepita katika kalamu yake. Kwa miaka mingi vitabuni ametajwa kama mnakili au msaidizi. Maalim hakubali.

"Huyo ndiye mtafiti," akasema. "Yeye ndiye aliyejua utendi gani uko kwa nani, nani anausoma vizuri, na wapi beti zimepotea. Wao walikuwa wateja wake."

Kauli hiyo nimeiandika kama alivyoitamka. Inaeleza vizuri kuliko makala nyingi nilizosoma jinsi elimu ya tendi ilivyofanya kazi hapa: mtu wa mtaani mwenye mtandao wa watu, anayezunguka nyumba hadi nyumba, anayekopa mswada kwa siku chache akaurudisha. Na si Kijuma peke yake. Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Matondoni upande wa pili wa kisiwa hiki, aliyefariki mwaka 2017, alifanya kazi kama hiyo maisha yake yote, tena bila shahada ya chuo kikuu. Alikusanya ushairi, istilahi za majahazi na majina ya sehemu za nyumba za mawe, akawafundisha wageni na wenyeji bila kubagua.

Jioni mwenzangu ameshuka gatini kuuliza maji. Boti za Pate hungoja maji yajae, kwa kuwa njia ya Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, haipitiki maji yakipwa.

Jumatatu, Mtangawanda na Pate

Boti ilijaa: magunia ya unga, katoni za soda, godoro, watoto wa shule, na mama mmoja aliyebeba cherehani mapajani njia nzima. Kaskazi ilikuwa inavuma kwa upole. Tulipotoka Mkanda tukaiona bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa mwaka 2021, na mazungumzo yote botini yakahamia huko.

Ami mmoja mvuvi, aliyekaa karibu na mashine, akaanza kutaja sehemu za kuvulia zilizofukiwa au kuchimbwa wakati wa ujenzi. Kila sehemu ina jina, na kila jina lina kisa: huyu alizama hapa, hapa palipatikana tewa wa ajabu mwaka fulani, hapa jahazi la fulani liligonga mwamba. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Fidia huhesabu samaki na nyavu. Majina hayakuhesabiwa. Mwenzangu alitoa daftari akayaandika yote, na ami akawa anamsubiri amalize jina moja kabla ya kutaja jingine. Wengine wakamsahihisha, wakabishana, wakakubaliana. Hatukupanga kufanya kazi hiyo. Nimeamua iwe sehemu ya ripoti, na ramani yake tutaichora Faza na wavuvi wenyewe.

Mtangawanda tulipanda bodaboda hadi mji wa Pate. Njia ni ya mchanga, minazi pande zote.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili akiingia Pate lazima moyo umdunde. Hapa palikuwa na dola. Masultani wa Kinabahani walitawala hapa, na ukoo wao ndio uliohifadhi habari za Pate, zile alizozisimulia Bwana Kitini na ambazo Alice Werner alizichapa mwaka 1914 na 1915. Hapa Mwengo wa Athumani alitunga utendi wa Tambuka, ambao mswada wake una tarehe ya 1728. Na magofu ya majumba ya hapa ndiyo aliyoyaona Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasiri alipotunga Al-Inkishafi, akaulilia mji kwa kutaja zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zilizokuwa na vyombo vya kaure na sasa wanalala makinda ya ndege.

Leo katikati ya magofu hayo wanapanda tumbako. Kuta za mawe na chokaa zimesimama, nyingine zimefika kifuani tu, na ndani ya vyumba vya zamani miche imepangwa kwa mistari, majani mapana, udongo umetifuliwa vizuri. Wenyeji wanasema udongo wa gofuni una rutuba kuliko wa nje.

Usiku tumeketi barazani na wazee. Wameuliza maswali ya haki: mmetumwa na nani, mtalipwa nini, na mkiondoka kitabaki nini? Tumejibu yote. Swali la tatu ndilo walilolirudia, na tuliponyanyua bunda na kuwaeleza kwamba karatasi zinabaki, baraza likachangamka.

Jumanne, Pate

Siku nzima ya kusoma. Tulianza chini ya mwembe na wanaume watano, wakaongezeka, mpaka watoto wa madrasa wakaja kusimama nyuma ya mabega.

Kwa asiyejua, nieleze ugumu ulipo. Tendi hizi ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na herufi hizo hazikutosha sauti za Kiswahili. Waandishi wa zamani walitumia ba kwa b, kwa p na kwa mb. Fa ilibeba f na v. Ghaini ilibeba g na ng. Irabu nazo zilikuwa na alama tatu tu, kwa hiyo kasra ni i au e, na dhumma ni u au o. Neno moja lililoandikwa linaweza kusomwa kwa namna nne au tano, na msomaji ndiye anayechagua. Anachagua kwa nini? Kwa sababu amelisikia. Aliusikia utendi kwa babaye au kwa bibi yake, na jicho linapofika kwenye herufi, sikio limeshatangulia.

Mtaalamu wa mbali hana sikio hilo. Ana kamusi, ana mizani, ana nakala nyingine za kulinganisha, na kwa bidii hufika mbali. Lakini leo nimemwona mzee mmoja, mkulima wa tumbako, akisoma ukurasa ambao mimi niliuhangaikia kwa wiki nzima. Hakusita mara moja. Alipofika mwisho wa ukurasa akafumba macho akaendelea na beti tatu ambazo katika nakala yetu hazimo.

Nikamuuliza amezipata wapi. Akasema zimo siku zote, mwandishi ndiye aliyeziruka.

Inawezekana. Inawezekana pia ziliongezwa baadaye na mjuzi wa hapa Pate. Yote mawili ni ushahidi, na kazi yetu ni kuandika kwamba zipo, kwamba zimesomwa Pate na mtu huyu, na kwamba wenzake wanne walizitambua wakamfuata kwenye kina cha mwisho. Nakala ya ukurasa huo tumemwachia mwalimu wa madrasa, aandike beti hizo pembezoni kwa mkono wake. Pembezoni mwa miswada ya zamani kumejaa maandishi ya namna hiyo, ya wasomaji waliosahihisha na kuongeza kizazi baada ya kizazi. Pambizo hizo zilifungwa siku miswada ilipowekwa makabatini. Tumezifungua tena.

Jumatano, Siyu

Bodaboda tena, mchanga mwingi zaidi. Siyu iko mwisho wa mkono wa bahari uliojaa mikoko, na boti huingia maji yakijaa tu. Ngome imesimama kando ya maji, peke yake, mawe yamekuwa meusi kwa mvua.

Siyu ulikuwa mji wa mafundi na wanavyuoni. Misahafu iliyonakiliwa na kunakshiwa hapa ni miongoni mwa kazi bora za mkono katika mwambao wote. Milango ya Siyu ina mtindo wake. Ngozi ya Siyu, makubadhi na mikanda, iliuzwa mbali. Na hapa Bwana Mataka aliwapinga watawala wa Zanzibar kwa miaka mingi. Mjane wake ni Mwana Kupona binti Mshamu.

Nilikuwa nikiingoja siku hii kuliko nyingine yoyote. Mwana Kupona alitunga utendi wake mwaka 1858, miaka miwili baada ya kufiwa na mumewe, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Anamwita binti aje na wino na karatasi, amwandikie wasia. Utendi huo umefasiriwa, umechambuliwa, umebishaniwa madarasani Nairobi, Dar es Salaam na Ulaya. Wengine wanauona kuwa utii mtupu kwa mume, wengine wanaona mama mwerevu anayempa binti silaha za kuishi katika dunia ya wanaume. Mjadala huo wote nimeusoma. Sijawahi kuusikia utendi wenyewe ukisomwa katika mji alioolewa mtungaji wake.

Tulikaribishwa baada ya alasiri katika ukumbi wa ndani wa nyumba ya mawe, mkeka umetandikwa, wanawake kumi na zaidi. Mwenye nyumba ni bibi mrefu, mkavu, mwenye sauti nzito. Watu wazima wote mle ndani walimwita Nana. Nilimwamkia, nikataka kukaa pembeni. "Ndoo mwanangu," akasema, yaani njoo, akagonga mkeka karibu naye. "Karatasi ikiwa mbali naisoma vipi?"

Nikamwekea ukurasa wa kwanza mapajani. Hakuanza kusoma. Aliupitisha mkono juu yake wote, kutoka juu hadi chini. Kisha akaweka kidole cha shahada juu ya herufi ya mwanzo, mkono wa kulia, na kidole kikaanza kwenda kushoto polepole bila sauti, kipande kwa kipande, mpaka mwisho wa ubeti. Akarudi mwanzo. Mara hii sauti ikatoka.

Ubeti wa utendi una vipande vinne, kila kimoja mizani nane. Vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne hubeba kina cha bahari kinachorudi katika utendi mzima. Hayo hufundishwa shuleni. Yasiyofundishwa ni kwamba vipande vitatu vya kwanza Nana aliviimba kwa pumzi moja, mahadhi yakipanda kidogo kidogo, kisha akasita, na kile cha nne kikatoka kwake na kwa chumba kizima kwa pamoja. Hakuna aliyeambiwa aitikie. Kila kina cha bahari kilikuwa mlango ambao wote waliingia pamoja naye. Kwa hiyo kina ambacho katika kitabu ni pambo la mwisho wa mstari, hapa ndicho kinachougeuza wasia wa mama mmoja kuwa wasia wa wanawake wote waliomo chumbani.

Kuna kipande kimoja ambacho vitabu vinakisoma kwa namna moja na Nana akakisoma kwa namna nyingine. Jirani yake, mkubwa kwake kwa umri, akamzuia: mama yake alikisoma kwa namna ya tatu. Wakabishana. Binti mmoja akasema mwalimu wake wa sekondari alifundisha ile ya kitabuni. Nana akamwambia amsomee mwalimu hii, kisha amletee jibu lake. Kipande chenyewe sikiandiki hapa, kwa sababu wameomba wamalize kwanza kuulizana na wenzao wa Faza.

Niliuliza utendi husomwa lini. Nikaambiwa zamani bibi harusi alisomewa siku za kufungiwa ndani, na wasichana waliokuja kumpamba wakaujua kwa kusikia. Leo husomwa wakipatikana watu. Nana aliujua wote kabla ya kujua kuandika jina lake.

Alhamisi, Siyu

Jana hatukuwasha kinasa sauti. Leo ndiyo siku ya kulizungumza.

Wanawake walikutana wenyewe asubuhi bila sisi, nasi tukaenda kwa fundi wa ngozi. Mzee anafanya kazi barazani kwake: ngozi imelowekwa, msharasi mkononi, uzi umepakwa nta. Anatoboa, anapitisha, anavuta kwa mikono miwili mpaka uzi unalia. Nakshi za juu ya kiatu hazichori kwanza, zinatoka kichwani. Kijana wake yuko Mombasa, na anayekaa naye kujifunza ni mjukuu wa kike, jambo ambalo zamani lisingekuwa.

Tuliporudi, jibu lilikuwa tayari. Kunasa, ruhusa. Kuondoka na sauti, hapana. Sauti ya mwanamke anayesoma ndani ya nyumba ni ya ndani ya nyumba. Hawataki isikilizwe na wanaume wasiowajua katika simu huko duniani. Wanataka wajukuu zao waipate. Kwa hiyo wakapendekeza: rekodi ziwekwe katika kadi mbili, moja kwa Nana, moja kwa mwalimu wa kike wa shule ya hapa. Sisi tuchukue maandishi, maelezo ya mahadhi, na majina yao ikiwa wataamua baadaye yatajwe. Mwanamke mtafiti akitaka kusikia, aje Siyu.

Tumekubali, na nakubali kwa moyo wote. Wafadhili wa utafiti siku hizi hutaka kila kilichokusanywa kiwekwe wazi mtandaoni, na kwa barua za zamani, picha za majengo na kamusi hilo ni jema sana. Lakini uwazi ukilazimishwa kwa kila kitu, atakayelipa ni yule yule aliyechukuliwa karatasi zake mwanzo. Utafiti wetu utakuwa na sehemu isiyosikika London. Ni sawa. Kwa zaidi ya miaka mia moja utafiti wa tendi ulikuwa na sehemu isiyosikika Siyu.

Wamesoma mchana wote, beti zote, zamu kwa zamu. Mwenzangu ndiye aliyeshika kinasa. Mara mbili jogoo wa jirani aliingilia na Nana akaagiza ubeti urudiwe, kwa sababu wajukuu hawatasikilizishwa jogoo.

Ijumaa, Faza

Tumefika kabla ya swala. Faza ni nyumbani kwa mwenzangu na hatukukaa hotelini wala kula kwa pesa. Kaburi la Amir Hamad, kamanda wa Zanzibar aliyeuawa mwaka 1844 katika vita na Siyu, liko hapa, na wenyeji humwonyesha mgeni kwa heshima, ingawa alikuja kupigana na jirani zao.

Baada ya swala nilikutanishwa na mzee Mbajuni, babu wa upande wa mama wa mwenzangu, ili anisimulie kuhusu vave. Hizi ni nyimbo za wakulima wa Kibajuni, zilizoimbwa usiku wa kuamkia siku ya kuchoma shamba lililofyekwa. Wanaume walikesha wakiziimba, na asubuhi moto ukatiwa.

Mzee alikuwa mtoto alipozisikia. Mashamba yao yalikuwa bara, ng'ambo ya maji, ambako familia nyingi za visiwani zililima na kuwa na vijiji. Kisha vikaja vita vya waasi walioitwa Shifta, miaka ya 1960. Watu wakashambuliwa, wakakimbilia visiwani, vijiji vikabaki vitupu, na wengi hawakurudi tena.

Nikamwomba aimbe. Aliimba kidogo, akanyamaza. Nilidhani amesahau. "Sikusahau," akasema. "Hapa anaitika mwingine." Mwenzangu akatoka mbio. Baada ya saa nzima akarudi na wazee wawili, mmoja akishikwa mkono kwa sababu haoni. Walipoketi, babu akarudia pale pale alipoachia, na yule asiyeona akaitika.

Waliendelea mpaka magharibi. Kuna sehemu walizokwama wote watatu, wakatazamana, wakaruka. Walitaja miti ya bara ambayo mwenzangu, aliyezaliwa Faza na kukulia Faza, hajawahi kuiona. Akawa anauliza kila mti: majani yake vipi, unaota wapi, ukichomwa moshi wake vipi? Wakamjibu kwa kina cha ajabu. Moshi wa mti mmoja ulimfanya yule asiyeona akunje uso hapo hapo alipoketi.

Hawa waliruhusu sauti zao ziende popote. Babu alisema zikienda mbali ndiyo vizuri, huenda kuna Mbajuni Kismayu au Mombasa anayejua zile sehemu walizoruka.

Jumamosi, Faza

Wavuvi wamechora ramani. Karatasi nne za manila zimeunganishwa kwa gundi, kalamu ya bluu kwa mkondo, nyeusi kwa mwamba. Majina yamezidi yale ya botini maradufu. Vijana wameomba yaingizwe pia katika simu, na mmoja wao, mwenye programu ya ramani anayoitumia kuvulia, amekubali kuifanya kazi hiyo.

Jioni harusi. Wanawake walipiga vugo, pembe za nyati zikigongwa kwa vijiti, na nyimbo zilitaja watu waliokuwepo kwa mafumbo ambayo wenyewe waliyaelewa na kucheka. Sikuandika chochote. Nilialikwa kula pilau, nikala pilau.

Jumapili, Lamu

Tumerudi na boti ya alfajiri. Maalim wa Riyadha alikuwa akitungoja atusikie. Nikamweleza kuhusu beti tatu za Pate. Akaziandika, akaziimba polepole, akasema moja anaijua na mbili hazijui, na kwamba ataulizia Shela na Matondoni.

Tulivyoviacha visiwani: nakala kamili za karatasi katika madrasa ya Pate, nyumbani kwa Nana Siyu, na kwa babu Faza, ambaye hasomi ajami, yaani Kiswahili cha herufi za Kiarabu, ila ametaka ziwe kwake ili watu wawe na sababu ya kuja kumtembelea. Kadi za sauti Siyu. Ramani Faza. Mwenzangu ataanza darasa la ajami kwa wasichana wa Siyu likizo ijayo, na Nana amesema atakaa nyuma ya darasa kuhakikisha hawasomi kwa macho peke yake.

Limebaki deni moja. Katika ukurasa mmoja wa nakala tuliyompa Nana, picha imefifia upande wa chini na mistari miwili haisomeki. Yeye anaijua kwa moyo, lakini anataka kuona mwandishi aliandika nini. Usiku huu nimeiandikia maktaba iliyohifadhi mswada huo London kuomba picha iliyo wazi zaidi. Ikifika, mwenzangu ataipeleka Siyu kabla ya Ramadhani, kwa sababu Nana ameshasema mwezi ukiandama hasomi kitu kingine ila Qurani.